Kipande Mbele ya Gari la Babu

Kwa nini mtu aache ardhi nzuri wazi mbele ya gari lisilokwenda?

Swali hilo nililiuliza utotoni mpaka nikaambiwa nina mdomo wa kasuku. Nilimuuliza mama, nikamuuliza mwalimu, nikamuuliza baba mdogo. Hakuna aliyenijibu, na mimi mwenyewe sikuweza kulijibu. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwetu milimani Lushoto, juu ya kijiji cha Kwai, nikakuta pale palipokuwa wazi pamejaa karoti. Karoti nzuri, lazima niseme, majani yake yamesimama kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Nilisimama nikiziangalia, na swali likarudi.

Wewe uliyekulia milimani unajua ardhi yetu ilivyo. Shamba linaanzia mlangoni na kuishia pale mguu unapoteleza. Watu hupanda maharage kwenye kingo za matuta, maboga juu ya shimo la choo cha zamani, magimbi kila panapotuama maji. Lakini kwa Bibi kulikuwa na kipande kirefu, upana wake gari moja, kilichoteremka kutoka uani hadi barabara ya chini, na jembe halikukigusa. Juu yake kabisa, uani, lilisimama gari la Babu: Landrova ya kijani iliyopauka, pua ikitazama bondeni, jiwe kubwa limewekwa mbele ya gurudumu kulizuia.

Zamani magari mengi ya kwetu yaliegeshwa hivyo. Betri zilikuwa za wasiwasi na stata zilikufa mapema, kwa hiyo dereva hakuhitaji ufunguo, alihitaji mteremko. Jiwe linaondolewa, gari linaserereka, klachi inaachiwa, linakohoa mara moja, mbili, linawaka. Babu alibeba kabichi na matunda hadi Mombo kwa mtindo huo, akarudi na chumvi, bati na watu. Sikumwona. Nyumbani walisema tu kwamba alifia njiani akipelekwa hospitali, kabla sijazaliwa, na walisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambacho hakijafagiliwa.

Gari tulilirithi sisi watoto na kuku. Nyuma kulikuwa na viota, na anayeokota mayai alikuwa na haki ya kushika usukani. Nilisafiri sana ndani ya gari lile. Nilifika Tanga, nilifika Nairobi, nikarudi kabla viazi havijaiva. Ukungu ulipoteremka asubuhi na kulimeza bonde lote, ungeapa gari limeegeshwa ukingoni mwa dunia. Ndani kulinuka oili ya zamani, mbolea ya kuku na harufu tamu ya matunda damu, yale mekundu ya kwetu, ingawa hakuna tunda lililobebwa humo kwa miaka mingi. Bibi alianika maharage juu ya boneti, na mvua ilipotishia tulikimbia wote kuyaondoa, tukigombana, huku makande yakiungua jikoni.

Kile kipande Bibi alikitunza kuliko shamba. Alikifyeka majani yakabaki mafupi kama zulia, akampelekea ng'ombe, lakini ng'ombe mwenyewe hakuruhusiwa kukanyaga pale asije akachimba kwa kwato. Kila mvua kubwa ilipopita, Bibi alishuka na karai la mawe kuziba vifereji. Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuvuka mabonde mawili, hakuchoka kumchokoza.

"Mwenzetu, wewe siku hizi unalima barabara?"

"Na wewe unalima mdomo," Bibi alijibu bila kuinua kichwa. "Tuone nani atavuna."

Wakacheka wote wawili. Lakini nilipouliza mimi, Bibi hakucheka. "Njia ya gari hailimwi," alisema.

"Lakini gari halitembei, Bibi."

"Kula viazi vyako, mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu: Babu alikuwa mume wetu sote, mimi mke mdogo mwenye kelele. Wanunuzi wa chuma chakavu walipita na mizani yao, wakapewa maji ya kunywa wakaondoka. "Lina mwenyewe hilo," Bibi aliwaambia. Nilijua mwenyewe amelala chini ya migomba karibu na msikiti, na nikaona hoja ya Bibi haisimami. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Chuo kikuu hakikunifundisha kubisha, kilinipa maneno marefu zaidi ya kubishia.

Nilipoanza kazi, habari zikanifikia kwamba baba mdogo ameamua. Bibi amechoka, magoti hayamsikii, gari litakatwa liuzwe kama chuma na uwanja upate nafasi. Nikapanda mlima wiki hiyo hiyo nikalinunua mimi. Usidhani ilikuwa hisia tu. Nilikuwa na sababu. Bibi alikuwa na dada yake kijijini Mlola, wa mwisho kubaki katika tumbo lao, na hawakuwa wameonana kwa muda mrefu. Basi lilimvunja mgongo, pikipiki aliiogopa. Nilitaka Babu ndiye ampeleke, kwa gari lake. Nilitaka akae kiti cha mbele, avuke milima yote kama mke wa mwenye gari, kabla nguvu hazijamwishia.

"Shikamoo, Bibi. Nimelinunua gari. Nitalifufua."

"Marahaba. Anayefufua ni Mungu. Gari huwashwa." Akaniangalia. "Kwa hiyo umekuja kurithi mali ya mume wetu nikiwa hai? Na kuku wangu watalala wapi?"

Lakini jioni ile nilimwona akishuka kwenye kipande na fyekeo, ameshika kiuno, akikata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Fundi alitoka Lushoto mjini. Alizunguka gari akapiga mluzi. "Dada, hili limeota mizizi. Tukilivuta na mlima utakuja." Panya walikuwa wamekula nyaya, tangi limejaa kutu, breki zimeganda, kwenye kabureta nyigu wamejenga nyumba ya udongo. Tulitoa kila kitu uani, tukakipanga juu ya maturubai, na Bibi akaketi kwenye kigoda akisimamia kama msiba wa mtu mkubwa. Kila siku aliuliza swali moja: "Mtaondoa jiwe lini?"

"Bado, Bibi. Tunasubiri stata mpya kutoka Tanga."

"Stata ya nini? Mteremko upo."

Nilimweleza. Nilikuwa mzuri wa kueleza. Nilisema mteremko ni hatari, majani yana umande, breki hazijazoea, na zaidi ya hayo hakuna tena sababu ya kuhangaika, kwa kuwa siku hizi gari huwaka kwa ufunguo. Fundi aliniunga mkono. Yeye naye hakutaka kushuka na gari lile hadi barabarani. Hata leo nadhani tulikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Stata ikaja, ikafungwa. Asubuhi ya safari Bibi alivaa kanga mpya, akafunga mayai na sukari ya dada yake, akasimama karibu na mlango wa gari. Nikazungusha ufunguo. Gari likatikisika, moshi mweusi ukawafukuza kuku, likanguruma. Jirani alipiga vigelegele kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa nacheka na kulia.

Bibi hakucheka. Alilitazama gurudumu, akalitazama jiwe.

"Limewaka limesimama?"

"Limesimama, Bibi! Halihitaji mteremko tena. Tutatokea upande wa jirani, kwenye tambarare. Na hicho kipande sasa unaweza kukilima, upande hata maharage."

Mkono wa Bibi ulikuwa juu ya boneti, ukitetemeka pamoja na injini. Kisha akasema polepole, "Lizime, mke mwenzangu. Ondoa jiwe. Nataka nilione likishuka."

"Bibi, ni hatari."

"Haya." Akanipa mayai na sukari. "Mpelekee dada yangu. Mwambie nimelisikia likiwaka."

Nikabembeleza, baba mdogo akabembeleza. Aliingia ndani akasema magoti yanamuuma. Nilikwenda Mlola peke yangu, kiti cha mbele kikiwa na furushi la mayai, nikimkasirikia njia nzima kwa ukaidi nisiouelewa. Bibi aliondoka duniani masika yaliyofuata. Hakuwahi kuketi ndani ya gari lile mbele ya macho yangu hata mara moja.

Sasa kigoda kimekwenda kwa shangazi. Ng'ombe ameuzwa. Watoto wa baba mdogo hawajui raha ya kuokota yai lenye joto chini ya kiti cha dereva, na magari yanayopita chini huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Gari la Babu ninalo. Linakwenda vizuri, na ninapompeleka mtu yeyote popote nakumbuka yule mmoja ambaye sikumpeleka. Jiwe tu ndilo limebaki mahali pake, kwenye ukingo wa karoti.

Siku ile ya mwezi uliopita nilivuka kumsalimia jirani. Sauti yake imepungua, haivuki tena hata bonde moja. Aliniona nikitazama karoti.

"Baba yako mdogo kathubutu," alisema. "Mama yake angekuwa hai asingethubutu."

"Kwani kulikuwa na nini pale, bibi?"

Alishangaa. "Hujaambiwa? Na ukubwa wako wote huo?" Akavuta kanga yake mabegani. "Babu yako alipozidiwa gari lilikuwa zima, mjukuu wangu. Stata tu ndiyo ilikuwa imekufa, na mteremko ulikuwepo. Tulimlaza nyuma, baba yako mdogo akashika usukani, tukaondoa jiwe. Halikufika popote. Magurudumu yalizama kwenye udongo mpaka katikati. Tulisukuma, wanaume kwa wanawake, mvua inatupiga. Mwisho tukamtoa, tukambeba kwa kitanda. Hatukufika naye."

"Yalizamaje? Pale si pagumu?"

Aliangalia ng'ambo, kwenye zile karoti, akanieleza.

Msimu ule Babu alikuwa amelala kitandani na gari halikuwa na safari. Mvua za kwanza zilipoanguka, Bibi alikilima kile kipande chote hadi kwenye jiwe, akapanda maharage.