Jina la Kifungua Mimba

Kwa siku kumi na moja jina la msichana wa miaka kumi na sita lilisomwa kwenye simu za watu wa mtaa wa Kadutu, ndani ya habari kuhusu mwanamume anayewasumbua mabinti katika depo moja, ghala la mizigo la soko. Aliyeliandika jina hilo ni mimi. Siku hizo zote nilikuwa ng'ambo, nikijifunza namna ya kuwatetea wanawake.

Mambo yalianza miezi mitano kabla ya hapo.

Natengeneza kipindi cha wanawake katika redio ndogo ya hapa Bukavu, na tangu siku ya kwanza natumia madaftari mawili: moja la maneno, jingine la majina. La maneno natembea nalo. La majina linabaki nyumbani chini ya godoro, kwa sababu katika mji huu mtu yeyote mwenye silaha anaweza kukusimamisha barabarani na kufungua mfuko wako, na jina likishatoka halirudi. Nilijivunia utaratibu huo. Wenzangu walikuwa wakinitania kwamba hata ndoto zangu nazipanga kwa tarehe.

Kipindi chetu ni cha chama cha wanawake ambacho kina washirika nje ya nchi. Kila mwaka washirika hao wanamchukua msichana mmoja wa kwetu kwa staji, mafunzo ya miezi mitatu. Huko anafundishwa kusimama mbele ya wakubwa, kusema dakika tatu bila karatasi, na kuandika barua ambayo waziri hataitupa kabla hajafika mstari wa pili. Sharti ni moja: uende na kesi ya kweli kutoka kwenu. Tulikuwa wanne tulioitaka nafasi hiyo. Maman anayeongoza chama alituambia kwamba si msichana atakayepanda ndege, ni kesi.

Nilichagua wanawake wabebaji. Kila siku tunapishana nao na hatuwatazami: wameinama, gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, wanapanda vijia vya Kadutu wakitazama miguu yao. Nilimtaka mmoja aliyekuwa na miaka mingi kwenye kazi hiyo, mwanamke mfupi mwenye alama ya kamba juu ya nyusi kama mstari wa kalamu. Alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu alinipa kamba yake.

"Beba kwanza," alisema. "Kisha utaniuliza."

Nilibeba nusu gunia ya unga wa muhogo kutoka mlango wa depo mpaka pale ngazi za udongo zinapoanza. Hapo magoti yalinikataa. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini, na mmoja akasema diploma haina shingo. Yeye hakucheka sana. Alichukua ile nusu gunia, akaipandisha juu ya gunia lake, akaenda. Mchana wa siku hiyo alikubali kuongea.

Mume wake alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu, na kwa mwaka wa pili sasa hajaleta habari. Watoto ni watano. Katika depo, mizigo inagawiwa na mwanamume mmoja mwenye ufunguo, ambaye wote wanamwita Chef. Mizigo myepesi na ya karibu inakwenda kwa mabinti wanaokubali kuingia naye ndani kuhesabu magunia, mlango ukiwa umefungwa. Anayekataa anapewa gunia la kupeleka juu kabisa, au anakaa mpaka jioni bila kitu. Kifungua mimba wake, msichana, alikuwa ameacha masomo miezi michache kabla na kuanza kumfuata mama yake sokoni na kamba yake mwenyewe.

"Minakuambia hii mambo juu isifike kwa mutoto yangu," alisema.

Sentensi hiyo niliipigia mstari.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kwenye kadi ya uchaguzi na kwenye daftari la parokia. Watu wanamwita Mama, kisha jina la kifungua mimba wake, na hivyo ndivyo atakavyoitwa mpaka anazikwa. Jirani wa miaka ishirini anaweza asijue jina lako lingine. Mimi mwenyewe la kwake nililijua siku aliponionyesha kadi. Nilipokaa kuandika, jina la kwenye kadi nililifuta nikaweka jingine. Nilibadilisha jina la mume. Niliondoa jina la mtaa, alama ya depo, na rangi ya mlango wake.

Lakini katikati ya habari kulikuwa na maneno ambayo Chef alimwambia asubuhi moja mbele ya wenzake, kwamba mtoto ameshakuwa mkubwa, kesho amtume peke yake. Aliyasema kama watu wanavyosema: alianza kwa kumwita, Mama, kisha lile jina. Niliyaacha yalivyo. Ndiyo maneno yaliyoibeba kesi nzima, na nilitaka yasikike kama nilivyoyasikia. Katika masikio yangu hilo halikuwa jina. Lilikuwa heshima, kama kumpisha mtu kwenye kiti.

Kesi yangu ikapita, nikavuka mpaka wa Ruzizi, nikashika basi la Kigali, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Tulikuwa wasichana sita kutoka nchi sita. Aliyetusimamia alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye nywele fupi za mvi, mtu wa kusikiliza. Alitufundisha kukita miguu sakafuni kabla ya kufungua mdomo, kutoanza kwa kuomba msamaha, kumtazama mkubwa kwenye macho na kutaja jambo moja tunalotaka afanye. Wiki ya tisa alisoma habari yangu ya wabebaji. Aliniuliza kama nimebadilisha majina yote. Nilimjibu ndiyo, na niliamini ninachosema. Yeye angejuaje? Kwao Mama na jina linalofuata vingeonekana kama jina la bandia tu, tena zuri.

Waliiweka kwenye ukurasa wao wa mtandao pamoja na picha ya kamba iliyotundikwa kwenye msumari. Mezani wenzangu walinipigia makofi.

Siku ya kumi na moja mwenzangu wa redio alinitumia ujumbe wa sauti. Hakunisalimu. Aliniambia kwamba muuza yunite, vocha za simu, aliye karibu na depo alikutana na habari hiyo kwenye simu, akamsomea Chef, na Chef akamwambia apande juu ya mzani wa magunia aisome tena kwa sauti, wabebaji wote wakisikiliza. Alipofika kwenye lile jina, watu waligeuka kumtazama yule mama, kisha wakamtafuta binti kwa macho. Chef alingoja mpaka mwisho wa habari, akacheka.

"Sasa huyo binti akuje yeye mwenyewe," alisema, "aseme nilimufanya nini."

Nilikwenda kwa msimamizi na simu mkononi. Alisikiliza tafsiri yangu, na chai yake ilikuwa bado moto ukurasa ulipofutwa. Lakini Kadutu picha za maandishi zilikuwa zimeshasambaa, na hizo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuzifuta. Yule mama mbebaji nilimpigia mara nyingi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kesho yake tuliongezewa somo kuhusu idhini ya mtu anayetoa ushuhuda. Mfano ulikuwa kosa langu, na jina langu halikutajwa. Mimi walinilinda vizuri kuliko nilivyomlinda yule binti.

Zilibaki siku kumi na tisa. Niliomba kurudi, na maman wa chama akanijibu kwa simu kwamba nikija nitaongeza kelele tu, nimalize nilichoanza. Nikamaliza. Siku ya mwisho kila mmoja alitakiwa kusema dakika zake tatu mbele ya wageni. Mimi nilisema kuhusu mabomba ya maji, si wabebaji.

Niliporudi nilikwenda sokoni kesho yake asubuhi. Nilimkuta yule mama ametua mzigo, anajifuta jasho kwa kitenge. Nilianza kuomba msamaha. Alininyamazisha kwa mkono, akamaliza kukunja kamba, ndipo akanitazama.

"Nilikupatia kinywa yangu," alisema. "Ya mutoto yangu haukuomba."

Hakunifukuza. Alinieleza mambo kwa mpangilio, kama mtu anayetaka yaandikwe sawasawa safari hii. Chef hakumtoa kazini. Tangu siku ya mzani anampa yeye mzigo wa kwanza kila asubuhi, mbele ya wote, na anamwita lile jina kwa sauti tamu. Wanawake wengine wameacha kusimama karibu naye. Binti amempeleka Bagira, kwa mama yake mdogo. Na mkuu wa mtaa, baada ya kusikia maneno mengi mno, ameitisha kikao Jumamosi katika ukumbi wa parokia: Chef upande mmoja, wanaomlalamikia upande mwingine. Kila mlalamikaji aandikishe jina lake kwanza. Asiyeandikishwa hatasema.

Orodha hiyo alipewa maman wa chama, naye akaniachia mimi, kwa hoja kwamba aliyemwaga maji ndiye anayepaswa kuyadeki.

"Andika wote," mama aliniambia. "Ile jina moja usiandike. Bwana asifiwe, ile mambo haikumufikia. Ikae hivyo."

Niliahidi, na niliahidi kwa moyo wote.

Kwa siku tatu nilizunguka. Mabinti wawili walikuwa tayari tangu mwanzo. Wengine niliwafuata mpaka kisimani, mpaka mlangoni, na mmoja mpaka kwenye mazoezi ya kwaya, ambako aliandika jina lake haraka huku akiendelea kuimba. Walifika sita. Kila nilipopata mmoja nilipita kwa mama kumwambia hesabu, naye aliitikia kwa kichwa. Nilipofikisha sita alisema, "Inatosha."

Alhamisi nilishika basi dogo la Bagira. Nilikuwa sijamwomba msamaha binti mwenyewe, na sikutaka kumkuta baada ya kikao. Nilimkuta kwenye kishamba nyuma ya nyumba ya mama mdogo, anapalilia viazi vitamu. Ni mrefu kuliko mama yake. Kwenye paji la uso alama ya kamba ilikuwa bado changa, nyekundu kidogo. Nilisema niliyokuja kusema. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta.

"Yaya," alisema, akiniita dada, "ile habari yako ilisahau kitu moja."

Akanieleza. Siku moja mama yake akiwa na homa, alikwenda depo peke yake. Chef alimwita ndani, akafunga mlango, akasimama mbele yake na kuweka mkono begani. Hakusema neno. Alikaa hivyo mpaka lori likapiga honi nje, mara ya pili kwa hasira, akafungua. Binti alichukua gunia lake akapanda nalo mpaka juu bila kupumzika. Nyumbani alimwambia mama yake kwamba soko lilikuwa zuri.

"Uniandike," alisema.

Nilimwambia kuhusu ahadi. Nilimwambia mama yake anaamini jambo halikumfikia, na kwamba anashikilia hilo kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Alinisikiliza vizuri kabisa, mkono juu ya mpini wa jembe.

"Ulishaniandika bila kuniuliza," alisema. "Leo ninakuuliza mimi, unakataa?"

Nilimwomba amwambie mama yake kwanza. Akakubali: Ijumaa mama anapanda Bagira na unga, atamwambia kwa mdomo wake, na mtu yeyote asimtangulie. Nilitoa orodha. Aliandika mwenyewe, herufi kubwa, mstari wa saba. Kisha akaniuliza kama ni kweli kule nilikokwenda wanafundisha kusimama. Nikamwonyesha, hapo hapo kati ya matuta: miguu, mabega, macho. Nikamwambia asianze kwa kusema yeye ni mtoto tu, na kwamba anaweza kutumia dakika tatu. Alijaribu mara mbili akiutazama mgomba. Alisema dakika tatu ni nyingi, yake inaisha kwa moja.

Leo ni Ijumaa. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, lori la unga lilichelewa kushusha, na mama hakupanda Bagira. Saa kumi alipita redioni akiwa amelowa, kamba mkononi. Aliniuliza orodha ina wangapi. Nilimwambia nitahesabu tena. Alinitazama kidogo, akaaga, akashuka.

Simu ya mama mdogo haipatikani. Kikao ni kesho saa tatu. Majina ni saba, na mama anajua sita.