Kinundu cha Kope Kilivyovunja Uchumba Wangu

Niliambiwa nichague: hospitali au mume.

Kisa? Kinundu kwenye kope.

Naitwa Dorotea. Mwaka 1996 nilikuwa nakata minofu ya sangara kiwandani Mwanza, na nilikuwa mchumba wa Venant wa Butimba. Kope ya juu ya jicho la kulia ikaota kitu kama punje ya harage. Hakiumi, hakitoki.

Nikakikanda kwa kitambaa cha maji ya moto kila asubuhi. Wiki zikapita. Kimegoma.

Wenzangu kiwandani wakaanza kunitania, eti nimechungulia watu wakioga. Nikawajibu kwamba ingekuwa hivyo, nusu yao wangekuwa vipofu.

Nikaenda kumwona daktari wa hospitali, akanieleza ni kijitezi cha mafuta kimeziba. Angenichoma sindano ya ganzi, aigeuze kope, akitoe kwa ndani.

Shangazi yake Venant, Tereza, hakutaka kusikia. Ndiye aliyemlea, na neno lake pale nyumbani lilikuwa sheria. Alisema hospitali wataning'oa jicho. Kuna mganga kule Mkolani, anachanja kwa wembe, anapaka dawa, yameisha.

Nikamtazama Venant. Akatazama chini.

"Fuata anachosema shangazi. Ukienda hospitali, ndoa hakuna."

Nilienda hospitali.

Peke yangu. Ile sindano ilinitoa machozi, ila baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu. Nikarudi na bandeji, nikapita katikati ya soko kichwa juu. Anayetaka kushangaa, ashangae.

Jicho lilipopona, Tereza akaja kwangu. Nikajua kimenuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Akanishika kidevu, akatafuta kovu. Hakuna.

Kisha akaondoa khanga aliyozoea kujifunika mpaka kwenye jicho. Kope yake ya kushoto ilikuwa imekunjamana, haifungi.

"Wembe," akasema. "Nilikuwa msichana kama wewe. Nilivumilia, nikaona na wewe uvumilie."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Akauliza, kwa sauti ndogo, kama yule daktari anaweza kumtazama.

Nikampeleka mwenyewe, nimemshika mkono. Njiani akanisihi nimrudie Venant. Nikamwambia hapana, na mkono wake sikuuachia.

Ndoa haikufungwa. Sijajuta hata siku moja.

Ndugu yangu, usimrithishe mtu maumivu eti kwa sababu wewe uliyapitia. Na mwili ni wako: sikiliza wote, ila mwenye kuamua ni wewe.