Keyboard ya laptop ya zamani karibu inipe jina la mwizi wa kuku Lurambi

Wakuu, habari za jioni.

Hii nimemsomea Senje, yaani shangazi yangu, kabla ya kuipost. Amesema sijaongeza chumvi, kwa hivyo tuendelee.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliachia Form Two, lakini kitu kikiwa na screw lazima nikifungue. Saa hii nimetua kwa Senje, Lurambi, kwa sharti moja: nisimletee aibu.

Soko la Matete nilipata laptop ya zamani, nzito kama tofali, imekufa kabisa. Lakini keyboard yake ilikuwa mechanical, kila button na spring yake. Ukibonyeza inalia ka-ka-ka. Niliipenda hapo hapo.

Nikaing'oa, nikachomelea waya zake kwa board ndogo ya USB, nikaifunga kwa kipande cha mbao na kuiunganisha na simu. Ikakubali. (P ilikuwa inaandika Q, lakini tulielewana.)

Meza nikaweka nyuma ya nyumba. Nikawa naandika huku natafuna mahindi choma, punje zingine zinaanguka chini.

Sasa, huku kwetu kuku huitwa kwa kugonga kifuniko cha mkebe na kucha, ka-ka-ka, halafu wanamwagiwa mahindi.

Mnaona tunakoelekea.

Nikiandika sentensi moja, kuku wako miguuni. Nikiandika paragraph, wako juu ya meza. Jogoo wa jirani, Mama Nafula, alikuwa anafika kabla ya wale wa Senje.

Siku moja Mama Nafula akamfuata, akamkuta ametulia kwa paja langu.

"Kumbe ni wewe hunichukulianga kuku?"

"Mama, mimi naandika tu."

"Unamwandikia jogoo yangu barua?"

Mnajua mwizi wa kuku huku hafanyiwi mzaha. Mzee wa kijiji akaitwa, majirani wakajaa. Begi langu Senje alikuwa ameshalitoa mlangoni.

Nikaeleza mambo ya keyboard. Mzee akasema, "Haya, andika tuone."

"Niandike nini, Mzee?"

"Jina lako. Tulijue kabisa."

Nikaandika. Naogopa kukosea, herufi moja, napumua, herufi nyingine. Hakuna hata kifaranga.

Senje akaangalia begi. Akaniangalia mimi. Akanisukuma kando.

"Toka hapo. Hivyo ndivyo kuku huitwanga?"

Akaigonga keyboard na kucha zote kumi.

Wakuu, walitoka kila ua. Jogoo wa Mama Nafula mbele, na nyuma yake kuku mweupe ambaye Mzee mwenyewe alikuwa amemtafuta tangu Jumapili.

"Huyu ni wangu," Mzee akasema polepole.

"Kwani na wewe uliibiwa, Mzee?" Mama Nafula akamuuliza.

Watu wakacheka, kesi ikaisha. Uamuzi: mashine ndiyo huita, kijana kosa lake ni kula ovyo.

Begi lilirudi ndani. Keyboard haikurudi kwangu. Senje anaita kuku nayo kila jioni, haijaunganishwa na chochote, na anasema mkebe ulikuwa unamuumiza kucha.

Uzi huu naandika kwa simu, na kidole gumba.

Nilichojifunza: kabla ya kuunda kitu chenye sauti, uliza hiyo sauti tayari ni ya nani mtaani.

Na wale mliouliza maana ya post yangu ya juzi, "kkjjhhffkkklq", ni Senje huyo siku ya kesi, simu ilikuwa bado imeunganishwa. Yule aliyejibu "umenena, mkuu", jitokeze utueleze ulielewa nini.

Wengine pia semeni, mmewahi kuunda kitu kikachukuliwa na wenye nyumba?