Salamu Nyuma ya Goli

Wazo la kucheza fainali mara mbili lilikuwa langu, na sijasamehewa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Wamarekani, siku za mwanzo za ligi yao ya kulipwa, waliwahi kumpata bingwa kwa mechi mbili, nyumbani na ugenini. Nikalipeleka kwenye kikao cha maveterani wetu wa Mbeya.

"Wamarekani na mpira wapi na wapi?" akauliza nahodha, muuza vipuri wa Mwanjelwa. "Haya, msomi kashasema."

Mechi ya kwanza, kwetu, tulishinda moja bila. Golikipa ni mimi: kitambi, shahada mbili, na katika maisha yangu sijawahi kushika kombe lolote. Tukitoka sare tu kwao Igowole, nalishika.

Siku ya marudiano nahodha alikuja na masharti, aliyopewa na anayemjua mwenyewe. Tusipite getini, turuke ukuta. Na tusiitikie salamu ya mtu yeyote mpaka mechi iishe. Nilicheka kisomi, kisha nikawa wa kwanza kuruka. Ila mama yangu ni wa huko Igowole, na nyumbani kwetu mtoto asiyeitikia salamu yao, "kamwene", kwa "kamwene" alilala njaa. Kuwapita wazee nimefumba mdomo kuliniuma kuliko goti langu bovu.

Wenyeji walifunga mapema. Jumla ikawa moja kwa moja, na bao lolote lingeamua. Dakika za mwisho ukungu ukapanda kutoka mashamba ya chai. Beki wangu nilimwona hadi kiunoni, kisha sikumwona kabisa. Refa alikuwa mtu wa huko huko. Kwake ule ulikuwa mchana wa kawaida.

Ndipo nyuma ya wavu mtu akasema, taratibu, "Kamwene."

Nikanyamaza.

"Kamwene, mwanangu." Sauti ilikuwa karibu na sikio, haina haraka. Ya tatu ilikuwa na huzuni kidogo, na hiyo sikuiweza. Nikageuka, nikaitikia.

"Kamwene."

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na hatua moja ya nyasi, kisha, badala ya ukuta, korongo lenye kina. Mpira ukapita begani kwangu na kutikisa wavu.

Filimbi ilipolia nahodha akanifuata. "Ulikuwa unaongea na nani?"

Nikamwonyesha korongo. Akaangalia kwa mbali, hakusogea.

Golikipa wao, aliyekaa goli lile kipindi cha kwanza, akaja kunipa mkono. "Kaka, amekusalimia mara ngapi?"

"Tatu."

"Sisi tunamwitikia mapema, tukishafika. Basi anakaa kimya, anaangalia mpira wake." Akatutazama kwa huruma. "Kwani mlipokuwa mnaruka ukuta hamkumsikia?"

Nahodha akageuka kuutazama ukuta. Wenyeji wakapita wakiimba, kombe likiwa juu. Nililiona kwa sekunde mbili hivi, karibu kiasi cha kuligusa, kisha ukungu ukalimeza, zikabaki sauti tu, nikajikuta nazihesabu, nione kama haijazidi moja.