Safari za Mama Kwenye Kivinjari

Dada yangu ni fundi rangi wa nyumba, na kama hujamwona akichanganya rangi, hujaona mtu mwenye maringo. Hukoroga ndoo kwa kijiti, hupaka kidogo kwenye kona ya ukuta, hurudi nyuma akainamisha kichwa, kisha humuuliza mwenye nyumba kama kweli anaona au anatazama tu. Mimi ni kinyozi, mdogo wake wa kuachiana ziwa, kwa hiyo naruhusiwa kumsema.

Goti lilipoanza kumsumbua na ngazi zikawa adui, alijifunza kazi nyingine ya rangi: kutengeneza mandhari za kivinjari. Kivinjari ni ile programu unayofungulia mtandao, na mandhari ni vazi lake, yaani rangi na picha unayoiona juu kabisa, pale zinapojipanga kurasa ulizofungua. Alizitengeneza kwa kompyuta kuukuu, akaziweka mtandaoni zichukuliwe bure na yeyote, popote duniani.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na mama yetu. Ukanda mzima ni rangi ya kiini cha yai, na kwenye kona ya kulia mama ameketi kwenye kigoda, kaelekea katikati, anashona kifungo cha shati langu. Mama ni mzee, miguu imemgomea, na maisha yake yote hajavuka mpaka hata mmoja ingawa alitamani sana. Alipoelezwa habari ya mandhari alielewa jambo moja tu, kwamba sasa atasafiri. Basi kila asubuhi, kabla ya chai, akawa anamuuliza dada, "Leo nimefika wapi?"

Ukweli ni kwamba mama alikuwa hajafika popote. Waliokuwa wakiitumia ile mandhari ni sisi wenyewe: mimi, shemeji, mabinamu, na wateja wangu ambao dada aliwabana wakiwa kitini, povu kidevuni, wembe shingoni, hawana pa kukimbilia. Kumdanganya mama hakutaka. Alimjibu tu kwamba yuko njiani, na hilo neno "njiani" lilimuuma kweli, nilimwona.

Akaanza kuinadi ng'ambo. Aliandika maelezo kwa lugha kadhaa akisaidiwa na programu ya kutafsiri, akaingia kwenye mabaraza ya mtandaoni ya watu wasiomjua, akabisha hodi kwa adabu zote. Wengi walimkalia kimya. Waliojibu walitaka kujua kwa nini ni bure, maana rahisi ni ghali, na huyo mama wa kwenye kigoda asije akawa anawachungulia siri zao. Nikamtania kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Chajiuza kikionekana," akanijibu. "Wewe mbona umetundika bango mlangoni?"

Nikarudi kunoa mkasi wangu.

Mchana mmoja akaingia kinyozini mbio, goti na yote, simu mkononi. Mtu wa nchi ya mbali alikuwa ameandika maoni chini ya mandhari, na dada alishayatafsiri. Akanisomea: "Rangi hii naipenda sana. Lakini kwa nini huyu mwanamke hana kichwa?"

Nilicheka mpaka nikamwacha mteja na nusu ya ndevu. Dada hakucheka. Mama yake hatimaye amefika ng'ambo, na amefika bila kichwa.

Ilituchukua muda kuelewa. Watu wa kule husoma kuanzia kulia kwenda kushoto, na kivinjari chao huwafuata. Kurasa ambazo kwetu hujipanga kuanzia kushoto, kwao huanzia kulia, pale pale alipoketi mama, na kila ukurasa ukifunguliwa unamkalia kichwani. Dada hajawahi kupaka chumba kabla ya kuuliza mlango unafungukia upande gani, lakini safari hii hakuuliza.

Dawa akaiona nyepesi: atengeneze mandhari ya pili kwa ajili yao, mama akae kushoto. Kumsogeza hivi hivi kungemfanya aelekee nje na kuwapa watu mgongo, kwa hiyo akaipindua picha nzima, akaenda kumwonyesha mwenyewe. Mama aliitazama, akairudisha.

"Huyu si mimi. Mimi nashona kwa mkono wa kulia."

Ni kweli, sindano ilikuwa imehamia mkono wa kushoto. Dada akamwambia wale watu hawamjui, hawatagundua. Mama akasema ndiyo sababu hasa, ugenini mtu huenda akiwa yeye.

Ikabidi apigwe picha upya. Nilimtengeneza nywele mimi mwenyewe, akavaa gauni analolificha kwa ajili ya harusi, na shemeji akahangaishwa na kigoda, mara dirishani, mara mlangoni, mpaka mwanga ukamridhisha fundi rangi. Kifungo kilikuwa kile kile, lakini safari hii mama aligoma kuitazama sindano. Alisema wale watu wamemtafuta, naye awatazame usoni.

Muda si mrefu baada ya dada kuiweka, yule mtu akaandika tena: "Sasa anatuona. Kompyuta yetu tunaitumia na mama yangu, naye kila ikiwashwa humsalimia. Yeye pia ni mshonaji. Anauliza, hicho kifungo hakiishi?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la gauni. Akamwagiza dada amjibu mshonaji mwenzake kwamba shati ni la kinyozi, mtu asiyejua kuvua shati bila kung'oa kitu. Yule mgeni akawaonyesha wenzake, wenzake wakaonyesha wengine, na siku hizi mama anafika nchi ambazo dada huzitafuta kwanza kwenye ramani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Dada huamka na majina ya nchi mdomoni, tayari kumsomea. Lakini mama hataki tena kujua amefika wapi. Kila asubuhi, kabla ya chai, anauliza, "Mwenzangu ameamkaje?"