Siku Mama Mdogo Alipofiwa Kwenye Filamu

Nikisikia harufu ya zulia lililooshwa na halijakauka, narudi sebuleni kwa Bibi, Silver Spring, Marekani, jioni tuliyokusanyika kumtazama mama mdogo Zuhura katika filamu yake ya kwanza.

Zuhura, mdogo wake mama, alikulia jukwaani. Niliwahi kupelekwa Washington kumwona akiigiza. Sauti yake ilitufikia sisi tuliokaa nyuma kabisa kana kwamba amekuja kutunong'oneza. Sasa alikuwa ameitwa aende California, kwenye filamu kubwa zaidi, na alichokosa ni radhi ya mama yake tu. Bibi alikataa.

"Nitamwombeaje Mungu amfanikishe mtu anayekwenda kulia machozi ya uongo?"

Na Zuhura, pamoja na usomi wake wote, hakuwa mtu wa kupanda ndege bila radhi.

Basi tukala pilau, tukaisubiri sauti ile. Haikuja. Katika filamu alikuwa mama aliyefiwa na mtoto. Chumba kilikuwa na viti vizuri, lakini yeye alishuka taratibu, akakaa sakafuni, akanyoosha miguu, akavuta mtandio hadi kwenye paji la uso. Akanyamaza.

"Yaani ndiyo hiyo?" alisema Mjomba Musa. "Miaka yote ya kupaza sauti, wamemwita akae chini? Si hata mimi naweza!"

Tulicheka. Zuhura alitazama mikono yake.

Bibi hakucheka. Alishuka kutoka kwenye kochi, ameshika goti lake bovu, akakaa juu ya zulia bichi mbele ya runinga.

"Makiwa, mwanangu," aliiambia.

Mjomba akanikonyeza: mama kachanganyikiwa. Lakini Zuhura, nyuma yetu, alijibu kama mfiwa anavyojibu.

"Yamepita, mama."

Bibi hakugeuka. Alipigapiga zulia kando yake, na Zuhura akaenda kukaa. Asubuhi Bibi alimwombea dua ya safari, bila maelezo.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki ili watu wacheke: bibi aliyeipa runinga pole. Ilibidi Bibi mwenyewe afariki, nikae sakafuni na wanawake wa ukoo, ndipo mama aniambie kwamba hivyo hivyo ndivyo Bibi alivyokaa Babu alipofariki, mtandio pale pale kwenye paji, na Zuhura, wakati huo mtoto wa shule, akamtazama kutwa nzima.

Leo Zuhura ana filamu nyingi, na watu husifu ukimya wake. Mimi nikiutazama namwona Bibi, mjane wa siku ya kwanza, na mlangoni binti yake mdogo, asiyejua afanye nini ila kutazama.