Mkono wa Elia Kwenye Gia

Iko siku, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona yote. Ni siku waliyomrudisha mume wangu Elia kutoka hospitali, wakamshusha mbele ya nyumba yetu hapa Kinampanda na kumkalisha kwenye kiti cha kamba. Hakuniangalia mimi. Hakuwaangalia majirani waliokuja kutupa pole. Aliliangalia gari.

Umekuja leo na simu yako, umenionyesha picha za magari mawili ya spoti, makuukuu yote mawili, yamefanana kama mapacha. Moja ni otomatiki, jingine ni la gia za mkono, ninyi vijana mnaita manyuo. Unaniuliza, "Mama mkubwa, nichukue lipi?" Na umeniambia kwamba rafiki zako wanaicheka otomatiki, eti ni gari la mtu asiyejua kuendesha, na kwamba mkeo Neema amenuna kwa sababu gia za mkono hazijui. Vizuri umeuliza. Jibu ninalo, ila jibu langu linapitia mbali kidogo. Kunywa uji wako, nisikilize.

Elia alikuwa dereva wa watu waliokuja kupima miamba upande wa Sekenke, kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu. Walipomaliza kazi yao, mkubwa wao alimwachia gari lake dogo jekundu la milango miwili, la chini chini, ambalo hata wakati huo lilikuwa limekwisha kuzeeka. Watu walicheka sana. Gari gani hili, walisema, la kufagia kila jiwe la Iramba kwa tumbo? Elia akaliinua kwa springi nyingine, akalitunza kama ng'ombe wa maziwa. Ndilo alilokuwa akija nalo kwetu siku za uchumba. Nilikuwa nalisikia kabla sijaliona. Likianza kupanda kile kilima cha kwetu nilijua hapa ameingiza ya pili, hapa amepandisha ya tatu, na mama yangu alikuwa akiniambia, "Raheli, geuza ugali huo, unaungua." Ujana huo, mwanangu. Ukipita, unapita.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Hata mwaka wa ndoa yetu haukuwa umetimia. Elia alikwenda kumsaidia rafiki yake kwenye shimo la dhahabu, nguzo iliyokuwa ikizuia udongo ikateleza na kumwangukia upande wa kushoto. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mguu wa kushoto ulibaki bila nguvu, na mkono wa kushoto haukuweza tena kushika hata kikombe. Sasa wewe unaendesha, fikiri mwenyewe. Usukani wetu uko kulia. Klachi ni ya mguu wa kushoto. Gia ni ya mkono wa kushoto. Ilikuwa kama ajali ile imekaa ikachagua.

Fundi Ramadhani, rafiki yake wa Singida mjini, alikuja kumjulia hali. Alilizunguka gari, akafungua boneti, akaifunga, kisha akaja kuchuchumaa mbele ya kiti cha Elia.

"Kaka, nimepata gari la namna hii hii. Limeumia mbele, lakini giaboksi yake ni nzima, nayo ni otomatiki. Nikiihamishia kwako, mguu mmoja na mkono mmoja vinatosha. Utaendesha."

Nikamtazama Elia nikidhani atatabasamu.

"Sitaki," alisema.

"Kwa nini, kaka?"

"Otomatiki inakubeba tu. Mimi nimeshabebwa vya kutosha. Nabebwa kitandani, nabebwa kwenda kuoga. Na kwenye gari langu nako nibebwe?"

Ramadhani hakubishana naye. Aliniambia tu, "Shemeji, giaboksi ipo. Akibadili mawazo mniambie," akaenda zake.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na amani. Mimi asubuhi otomatiki, jioni otomatiki. Nilitaka atoke kwenye kile kiti. Kila nilivyosema, yeye alizidi kunyamaza, na akifungua mdomo ni kwa ukali. Alikuwa tayari gari lioze pale pale kuliko kuguswa. Kuku wakaanza kutaga chini yake. Mashavu ya Elia yakaingia ndani. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi nilikuwa nauona moyo wa mume wangu ukizima huku mwili unapata nafuu.

Basi siku moja mama mkwe wangu alifika na kikapu cha viazi vitamu akatukuta tumepandishiana sauti. Nilimwamkia shikamoo kwa aibu. Alikaa, akaomba maji, akayanywa polepole mpaka yakaisha, wala hatukuthubutu kuendelea. Kisha akasema kwa Kinyiramba, lugha aliyokuwa akiitumia akitaka asikike vizuri:

"Nimewasikia tangu kisimani. Elia, wewe unaulilia mguu wako, unasingizia gia. Na wewe Raheli, unamlilia mume wako, unasingizia gia hiyo hiyo. Chuma hicho kimewakosea nini? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanangu. Lakini mhunzi hana budi akubali kwanza kwamba koleo limevunjika. Mmeshawahi kukaa mkalia pamoja hata siku moja?"

Akainuka, akaondoka bila kungoja chai. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alikuwa hayarudii.

Mimi nilianza kumenya viazi ili mikono yangu iwe na kazi. Ndipo Elia akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ajali: "Raheli, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa nikitoa gia zile nitakuwa nimekubali kwamba sitapona. Kila nilichokijua kilikuwa upande huu." Akauinua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauonyesha kama kitu cha mtu mwingine.

Nikamwambia na mimi la kwangu. "Sina haja na gari, baba. Ninatamani kusikia unarudi. Basi. Tangu uumie uko hapa mchana kutwa, na bado hujarudi."

Tulilia siku ile. Viazi vilipikwa usiku umeshaingia.

Kesho yake nilimshika, tukaenda polepole mpaka kwenye gari. Akataka kuzunguka kulia kwa mazoea. Nikamwambia, "Hapana, kaa kushoto. Nifundishe mimi." Nikawafukuza kuku, nikaingia kwenye usukani. Elia aliangalia mguu wangu kwenye klachi, akaangalia gia iliyokuwa katikati yetu, akaunyoosha mkono wake wa kulia, ule mzima, akaishika.

"Wewe kanyaga na ushike usukani," alisema. "Gia niachie mimi."

Mwanangu, usinicheke. Gari liliruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Likazima, tukaliwasha, likazima tena. Gia zililia mpaka jirani yetu akapaza sauti kutoka shambani, "Raheli, unasaga mahindi?" Mimi nilikuwa napiga kelele, "Nakanyaga! Nakanyaga sasa!" na Elia akisema, "Usiniambie. Nitasikia mwenyewe." Na kweli akawa anasikia. Kadiri siku zilivyokwenda niliacha kusema. Mguu wangu ukishuka tu, mkono wake ulikuwa umeshafika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi mguu wa mmoja na mkono wa mwingine vilifanya dereva mzima.

Tulikwenda hivyo Kiomboi, tulikwenda hivyo kanisani, watu wakasimama barabarani kutuona. Lakini siku ambayo siwezi kuisahau ni tulipotoka Shelui kumwona dada yake Elia aliyejifungua. Tukiupanda mlima Sekenke, lori lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla kwenye kona. Nyuma yetu kuna basi, linapiga honi. Nikakanyaga breki.

"Elia, linarudi nyuma!"

"Halirudi. Breki ya mkono ninayo mimi."

"Basi liko nyuma yetu!"

"Achana na basi. Angalia mbele. Achia klachi taratibu, mpaka uisikie injini inainamisha kichwa. Hapo hapo. Mafuta kidogo. Ongeza. Haya, naachia."

Akaishusha breki ya mkono. Gari likasita, kisha likapanda, tukalipita lori. Elia alipaza sauti ya furaha kama aliyefunga goli. Nilipomtupia jicho, nilimwona yule kijana wa siku za uchumba ameketi kando yangu. Alikuwa amerudi.

Tuliendesha namna hiyo miaka mingi. Watoto wetu walikwenda kliniki hivyo, wamelala kwenye kile kiti cha nyuma kisichotosha hata mfuko wa mtama. Lakini chuma nacho huchoka. Gia ya pili ikaanza kuchomoka yenyewe mlimani, kisha meno yakaisha kabisa. Ramadhani akasema vipuri vyake havipatikani tena, ila ile otomatiki bado iko kwenye banda lake, imefunikwa gunia.

Safari hii Elia mwenyewe ndiye aliyesema, "Iweke." Na aliyekataa nilikuwa mimi.

Nilitoa sababu nyingi. Itakula mafuta. Mlimani itakuwa nzito. Elia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unalilia nini, Raheli?" Nikashindwa kumficha. Nikamwambia, "Ukiweza kuendesha peke yako, mimi nitakaa wapi?"

"Kushoto," alisema. "Nilikokaa mimi miaka yote hii. Si pabaya. Utaona."

Giaboksi ikahamishwa. Siku ya kwanza alikwenda peke yake mpaka Misigiri na kurudi, mimi nimesimama mlangoni na leso mkononi kama mwanamwali. Aliposimamisha gari hakuteremka. Alinifungulia mlango wa kushoto kutoka ndani, akasema, "Ingia."

Unajua, mwanangu, tangu ajali Elia alikuwa akiuficha mkono wake mbovu. Kanisani aliuweka mfukoni mwa koti, nyumbani aliufunika kwa shuka. Siku ile mkono wa kulia ulikuwa na kazi ya usukani, na wa kushoto ukawa umelala katikati yetu, pale kwenye gia isiyohitaji kupangwa. Hakuuficha. Nikauchukua. Ulikuwa wa baridi kidogo na mwepesi. Nikaushika kutoka Kinampanda mpaka Kiomboi.

Elia alitangulia mbele ya haki, wewe ukiwa bado mdogo. Gari waliliuza watoto, kwa ridhaa yangu, na sijawahi kuuliza liko wapi. Silitamani. Ninachokitamani ni ule mkono wa kulia uliokuwa unafika kabla sijasema, na ule wa kushoto alionipa siku hiyo bila aibu. Kuna jioni nikikaa hapa nasikia gari linapunguza mwendo barabarani, nami mguu wangu wa kushoto unashuka wenyewe, unakanyaga udongo mtupu. Hakuna mkono unaofika. Ningeambiwa nichague safari moja irudi, ile ya mlima Sekenke au ile ya Kiomboi, ningekufa sijachagua.

Sasa nikupe shauri langu, wala halina mafumbo. Hao wanaocheka otomatiki hawatakaa kwenye gari lako. Nenda na Neema mkayaone yote mawili, na yeye akae kwenye usukani. La gia za mkono, lipandishe kilima na usikilize kama gia ya pili inashika na kama klachi haitelezi. La otomatiki, chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, unuse. Yakinuka kuungua, liache hapo hapo hata kama rangi inang'aa. Na ukilichukua, ukiwa unateremka mlima usitegemee breki peke yake, weka gia ya chini.

Kama Neema ana hamu ya kujifunza, na wewe una subira ya kumfundisha bila kumkemea, chukua la gia za mkono, mtafurahi. Kama hamu hiyo hana, au mara nyingi atakuwa peke yake na mtoto mgonjwa wewe uko safarini, chukua otomatiki na usimwonee mtu haya. Ila mkianza kugombana, mwanangu, na mkaona ugomvi umekuwa mkubwa kuliko gari lenyewe, zimeni maneno. Mwulize mwenzako analilia nini, na wewe useme unalilia nini. Lifanyeni hilo mngali wawili, kwa maana mimi leo ninayo maneno mengi mazuri, na wa kumwambia hayupo.

Haya, nenda. Mungu awape miguu mizima, na siku isipokuwa mizima awape mtu wa kuwakanyagia. Awapandishe milima yenu yote na kuwateremsha salama. Mzeeke wote wawili, mwanangu, asibaki mmoja akimngoja mwenzake peke yake.